Fundi wa Koroboi na Anga la Chiang Mai

Kabla ya kukata bati, fundi hulipiga kwa ukucha. Mlio mkavu, bati zima. Mlio uliofifia, kutu imeshaingia ndani hata kama nje panang'aa. Kisha hushika mkasi, na mkebe uliokuwa na mafuta ya kupikia hufunguka ukawa bamba, maandishi ya kiwandani yakiwa bado yanasomeka. Hivyo ndivyo mafundi wa bati wa Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, walivyoanza kila koroboi: chini ya turubai, kipande cha reli ndicho fuawe, na kando yake jiko la makaa lililopasha moto chuma cha kulehemia. Wamebaki wachache. Ukimwomba mmoja wao koroboi leo, kwanza hukutazama ajue kama unataka kununua au unataka kupiga picha.

Ufundi wa taa hiyo ndogo ulikuwa katika sehemu mbili, mdomo na ukingo. Mdomo ni kibomba kilichoviringwa juu ya msumari, na msumari wenyewe haukuchaguliwa ovyo. Utambi ukibanwa, moto hunyongeka. Ukilegea, mafuta ya taa hupanda kwa pupa na moshi huchora dari kwa wino mweusi. Kibomba kikiwa kifupi mno, joto huteremka hadi kwenye mafuta, na hapo ndipo taa hugeuka kuwa hatari. Fundi hakutumia rula. Alipima kwa kidole gumba, kuanzia kwenye bega la mkebe hadi ncha, akafunga utambi wa uzi wa pamba au ukanda wa kanga iliyochakaa, akautazama moto wa kwanza kwa jicho moja.

Ukingo, hata hivyo, ndio unaostahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu haukuwa na faida yoyote kwa aliyeufanya. Bati linapotoka kwenye mkasi huchana ngozi. Fundi asiyejali angeliacha hivyo, na taa ingewaka vilevile, na mnunuzi sokoni asingegundua chochote. Fundi wa kweli aliukunja ukingo mara moja, akaukunja tena, akaupigapiga taratibu juu ya reli mpaka makali yote yakazikwa ndani. Mkono wa koroboi, ule ukanda mwembamba ulioviringwa kuwa pete, nao ulikunjwa pande zote mbili. Kisha alipitisha kidole chake mwenyewe, mzunguko mzima, kabla ya kuiweka taa kwenye safu ya zilizokamilika.

Kazi hiyo ilikula muda, na bei haikupanda hata senti. Mtoto aliyetumwa usiku kwenda kutazama mbuzi zizini alishika taa kwa vidole vyake vidogo, akaenda, akarudi, hakuchanika. Hakujua kwamba kuna mtu mjini, asiyemfahamu, aliyemfikiria.

Mteja alipenda kujaribu uvumilivu wa mwenye kazi. “Adeer (ami), hii haitavuja?” Jibu halikuwa maneno. Fundi alijaza maji, akaigeuza taa, akaiweka juu ya mchanga mkavu wakaendelea kuzungumza habari za mvua na bei ya ngamia. Baada ya mazungumzo, mchanga ulitoa hukumu.

Kutoka hapo hadi kaskazini mwa Thailand si mbali kama ramani inavyodai. Wafanyabiashara wa Eastleigh jijini Nairobi, wengi wao wenye asili ya Garissa, Wajir na Mandera, wanaijua Bangkok kwa jina la Pratunam, soko la nguo za jumla, na kwa mitaa ya Nana ambako harufu ya pilau na kahawa ya iliki humkaribisha Mwafrika na Mwarabu. Safari zao si za matembezi. Mzigo huchelewa, pesa huzunguka, viza huongezwa, na mtu aliyeaga kwa majuma hujikuta amekaa miezi. Watu ambao babu zao walifunga nyumba nzima, miti na mikeka, juu ya mgongo wa ngamia hawashangazwi na safari isiyo na tarehe ya mwisho. Na anayekaa muda mrefu vya kutosha, Novemba ikiingia, husikia habari za Chiang Mai.

Mji huo uko takriban kilomita 700 kaskazini ya Bangkok, katika nchi ya zamani ya ufalme wa Lanna. Mwezi mpevu wa mwezi wa 12 wa kalenda ya Kithai huleta sherehe mbili kwa pamoja. Loy Krathong ni ya maji: kipande cha mgomba hupambwa kwa majani yaliyokunjwa, maua, mshumaa na vijiti vya ubani, kikaachwa kielee mtoni. Yi Peng ni ya watu wa Lanna wenyewe, nayo ni ya taa. Picha zilizozunguka dunia ni za khom loi, taa zinazoruka: mfuko mrefu wa karatasi nyembamba, pete ya mwanzi chini yake, na katikati kipande kilicholoweshwa nta ambacho huwashwa. Mtu mmoja peke yake hupata shida kuirusha. Mmoja hushika juu, wengine pete, moto huwashwa, na wote hungoja hewa ya ndani ipate joto hadi karatasi itune na kuanza kuvuta mikono. Hapo huachiwa, mamia kwa wakati mmoja. Aliyewahi kusimama ufukweni Mbita usiku usio na mwezi, akaona karabai za wavuvi wa omena zimetanda Ziwa Victoria mpaka mbingu na maji vikapoteza mpaka, amekaribia kuiona picha hiyo.

Kwa Mwislamu kutoka Garissa, ibada za mahekalu si zake, na hutazama kwa heshima akiwa pembeni. Lakini Chiang Mai ina mlango mwingine wa kumpokea. Karibu na soko la usiku upo msikiti wa Ban Haw, uliojengwa na Waislamu kutoka Yunnan, China, wafanyabiashara wa misafara ya nyumbu waliovuka milima kwa vizazi vingi kabla ya kutua hapo. Kila Ijumaa jirani na msikiti hufunguliwa soko la watu wa milimani, mboga, chai na tambi. Mwana wa watu wa misafara ya ngamia akiswali ndani ya msikiti wa watu wa misafara ya nyumbu haelezwi mengi.

Jambo ambalo picha hazisemi ni kwamba taa zinazoruka si fahari ya mafundi wa Lanna. Hizo siku hizi hutengenezwa kwa wingi, huuzwa zikiwa zimekunjwa, na huishi dakika chache. Fahari iko kwenye taa za kuning'inizwa, zile zinazotundikwa milangoni, kwenye baraza na katika nyua za mahekalu. Mwanzi hupasuliwa kuwa fito nyembamba, hukwanguliwa hadi zilainike, hufungwa pembe kwa pembe mpaka fremu yenye nyuso nyingi isimame bila kupinda. Karatasi iitwayo sa, inayovalishwa fremu hiyo, hutokana na gome la aina ya mforosadi: huloweshwa, huchemshwa, hupondwa, nyuzi zake hutandazwa juu ya wavu na kuanikwa juani. Ni karatasi ileile iliyowapa jina mafundi wa miavuli wa Bo Sang, kijiji cha jirani. Juu yake hubandikwa nakshi za karatasi ya dhahabu zilizokatwa kwa mkono, na chini huachwa mikia inayocheza na upepo. Kina mama na wazee wa mitaa ya Chiang Mai huifanya kazi hiyo wakiwa wameketi chini, wiki nyingi kabla ya sherehe, na mtalii anayekimbilia uwanja wa tiketi kurusha taa yake hupita mbele yao bila kugeuza shingo.

Halafu taa zilizoruka hushuka. Hushuka mashambani, juu ya mapaa, kwenye nyaya za umeme. Uwanja wa ndege wa Chiang Mai hulazimika kufuta au kubadilisha saa za safari nyingi nyakati za sherehe, na mamlaka zimeweka saa na maeneo maalumu ya kurusha. Majimbo mengi ya Ujerumani yalizikataza baada ya mtoto kufa katika moto ulioletwa na taa ya namna hiyo mjini Siegen mwaka 2009. Hata hivyo, usiku wa kuamkia mwaka 2020, taa za kuruka ziliteketeza banda la sokwe katika bustani ya wanyama ya Krefeld nchini humo na kuua wanyama zaidi ya 30. Mitoni nako povu la plastiki liliwahi kuingia mahali pa mgomba, na wafanyakazi wa jiji la Bangkok huamkia kazi ya kuopoa laki kadhaa za krathong zilizotupwa kwa usiku mmoja. Mwanga umegeuzwa kuwa kitu cha kutupa. Anayeutupa hana habari na anayeokota.

Misri iliiona hatari hiyo mapema kidogo. Fanusi ya Ramadhani, ya bati na vioo vya rangi, ni kazi ya vichochoro vya Kairo ya zamani, na simulizi zinaihusisha na zama za Fatimiya, Khalifa al-Mu'izz alipopokewa mjini kwa taa katika karne ya 10. Mabati hayo yalikatwa na kulehemiwa kwa njia ambayo fundi wa Garissa angeitambua bila mkalimani. Fanusi za plastiki kutoka China, zinazoimba kwa betri, zilipofurika madukani, serikali ya Misri mwaka 2015 ilipiga marufuku kuingiza kutoka nje bidhaa za sanaa za kienyeji, fanusi zikiwemo. Marufuku hayamrudishii fundi wateja wote. Lakini ni tamko la nchi kwamba mkono wake una thamani.

Garissa haikupata tamko. Ilipata mabati kwa muda, na kwa njia ya huzuni. Kambi za Dadaab zilipoanza kufunguliwa mwaka 1991 kwa wakimbizi waliokimbia vita vya Somalia, pamoja na unga yalikuja mafuta ya msaada katika mikebe ya bati yenye chapa ya Marekani. Ifo, Dagahaley na Hagadera, kambi zilizokusudiwa watu 90,000, zilifikia zaidi ya 460,000 baada ya ukame wa mwaka 2011. Mikebe ilikunjuliwa ikawa milango, ua na masanduku. Mtu aliyefika na nguo alizovaa tu alifunga mlango wa kwanza wa nyumba yake mpya kwa bati lililosawazishwa na nyundo ya jirani. Huko majumbani, mikebe ya mafuta ya kupikia ya Kimbo na Kasuku ilikuwa njiani kuwa ya plastiki, na plastiki haikunjwi ukingo.

Mapigo mengine yalikuja kwa mpangilio. Septemba 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha wanaoyachanganya na dizeli, na kibatari cha maskini kikawa anasa. Desemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa umeme wa jua nje kidogo ya mji: megawati 54.6, paneli zaidi ya 200,000 zikitazama jua ambalo Garissa haijawahi kulikosa. Umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Katika maeneo ya mbali ya kaunti hiyohiyo bado zipo manyatta zisizo na nguzo hata moja, na kwao mwanga hutoka katika taa ndogo za sola zinazouzwa juu ya meza za Soko Mugdi mjini Garissa.

Taa hizo ni heri, na lazima isemwe bila kigugumizi. Koroboi ilichoma nyumba. Iliwafanya wanafunzi wakohoe juu ya vitabu vyao, ikawaachia masizi puani asubuhi. Hakuna mzazi mwenye akili atakayetaka moshi ule urudi, na kumlilia fundi si kuulilia moshi wake.

Kinacholiliwa ni namna mabadiliko yalivyompita. Taa ya sola ya bei nafuu imegandishwa kwa gundi. Betri ikichoka baada ya mwaka au miwili haifunguki bila kuvunjika, nayo hutupwa nyuma ya boma, kati ya miiba, mahali mbuzi hulamba. Ndani yake kuna nyaya mbili zilizoshikwa kwa risasi, kazi ya dakika moja kwa mtu aliyelehemu maisha yake yote. Walioileta hawakumwita. Waliochora umbo lake hawakuwahi kusikia kwamba mtoto wa wafugaji huibeba taa kwa kidole kimoja huku mkono mwingine ukishika kamba ya ndama. Tochi ya plastiki ikivunjika mshikio, humkata.

Fundi amesalia na masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, ambayo humpa pumzi kila mwaka shule zinapofunguliwa, pamoja na majiko na mabirika ya kutilia udhu. Mabirika nayo yanaondoka, kwani la plastiki ni jepesi, lina rangi na linauzwa nusu ya bei. Vijana wamekwenda kwenye tuktuk, na nani atawalaumu, wakati kuviringa bati juani kunalipa chini ya abiria watatu. Kule Chiang Mai fremu ya mwanzi angalau ina sherehe inayoidai mara moja kwa mwaka, na mjukuu hulazimika kukaa chini na bibi yake wiki hizo. Koroboi haikuwa na sikukuu. Kiolezo chake hakikuchorwa, msumari wake haukuandikwa namba, na kipimo cha kutoka begani hadi ncha ya mdomo kiko kwenye vidole gumba vya wazee ambao vijana wao hawajawahi kuwauliza ukingo hukunjwa mara ngapi.