Kufa na Kufiwa: Mauti ya Mhusika katika Mchezo wa Mezani na katika Utani wa Msibani

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, kila mchezaji humwigiza mhusika mmoja kwa maneno. Mhusika huyo ana alama za uhai. Kwa mujibu wa toleo la tano la mwaka 2014, majeraha yanapozifikisha alama hizo sifuri, kwa kawaida mhusika huzirai, na kila zamu yake inapofika mchezaji hurusha dadu lenye nyuso 20. Akipata 10 au zaidi amefaulu. Akipata pungufu ameshindwa. Kufaulu mara tatu humtoa mhusika hatarini. Kushindwa mara tatu humwua.

Ubora wa kanuni hii ni kwamba inairefusha saa ya kukata roho, hivyo wenzake hupata nafasi ya kumwokoa. Udhaifu wake ni kuwa inahesabu kufa peke yake. Mhusika akishakufa, mchezaji huunda mwingine, na hakuna kanuni inayomhusu aliyebaki.

Mofolojia ya Kiswahili inatusaidia kuliona pengo hilo. Kitenzi -fa si elekezi. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea, hupata yambwa: "Baba amemfia Juma." Kikiongezewa kauli ya kutendwa, yambwa hiyo hupanda kuwa kiima: "Juma amefiwa na baba." Sentensi ya mauti sasa inatawaliwa na mtu aliye hai, na kutokana nayo tunapata nomino mfiwa.

Mkoani Morogoro, mfiwa ana kanuni zake, nazo ni za uigizaji. Utani wa Waluguru umechunguzwa kitaaluma tangu zamani, mathalani na James Boyd Christensen katika American Anthropologist mwaka 1963. Msibani, mtani huweza kuuiga mwendo wa marehemu, sauti yake na hata ugonjwa wake. Hudai ada, na mfiwa hatarajiwi kukasirika. Turiani, ambako mashamba ya miwa ya Mtibwa yamewakutanisha watu wa makabila mengi, kanuni hizi hazihitaji kitabu ili zifuatwe.

Inaweza kupingwa kwamba msiba ni wa kweli na mchezo ni wa kubuni. Tofauti hiyo ni ya msingi: mtani harushi dadu, wala marehemu harudi. Hata hivyo, utani unathibitisha kwamba uigizaji unaweza kuanza pale uhai wa mhusika unapokoma. Kwa hiyo, anayekusudia kuufasiri mchezo huu kwa Kiswahili asiishie kutafuta visawe vya kuumia, kuzirai na kufa. Aongeze kanuni ya kufiwa: kabla ya mhusika mpya kuingia, mchezaji mwingine amwigize marehemu kwa zamu moja, na aliyefiwa amlipe ada yake.