Kutoka x hadi deni_lililobaki

Kabla ya kugusa herufi hata moja, fundi anausoma msimbo wote mpaka chini. Ni programu ya Python inayokokotoa riba ya mikopo ya SACCOS, na aliyeiandika mwanzo alikuwa na haraka: `x`, `x2`, `Salio` hapa, `salio` pale. Kwa Python hayo mawili ya mwisho ni vitu tofauti kabisa, kama Asha na Aisha kwenye daftari la mahudhurio.

Anaanza na `x`. Anaifuata inakotoka na inakokwenda: juu inasomwa kwenye faili la mikopo, katikati inazidishwa kwa kiwango cha riba, chini inapungua kila malipo yanapoingia. Anaandika `deni`. Anatulia kidogo, anafuta, anaandika `deni_lililobaki`, kwa kuwa deni la awali nalo limo humohumo. Hatafuti x popote ilipo na kuibadilisha, maana angeharibu hata `max`. Anatumia amri ya kihariri inayolitambua jina lenyewe, kisha anaendesha majaribio. Ndipo anahamia jina linalofuata.

`Salio` inamchukua muda mrefu zaidi. Mtu mwingine angeishusha iwe herufi ndogo, yaishe. Yeye anafuatilia na kugundua kwamba yenye herufi kubwa ni akiba, ile nyingine ni mkopo. Zinapata majina mawili: `salio_la_akiba` na `salio_la_mkopo`.

Kwa herufi anafuata PEP 8, mwongozo ulioandikwa mwaka 2001 na Guido van Rossum, muasisi wa Python, pamoja na Barry Warsaw. Fanksheni ni herufi ndogo na kistari cha chini: `kokotoa_riba`. Klasi haina kistari, kila neno linaanza kwa herufi kubwa: `MkopoWaMwanachama`. Kifupisho hubaki kizima, `RipotiSACCOS`. Kisichobadilika huandikwa kwa herufi kubwa tupu, `KIWANGO_CHA_RIBA`, ingawa Python haimzuii mtu kukibadilisha. Katika lugha ya Go, jina likianza kwa herufi kubwa huonekana nje ya pakiti yake, na hiyo ni sheria ya lugha. Huku kwenye Python ni heshima tu kwa msomaji, na ndiyo maana nampenda fundi anayeitunza.

Mwisho anaondoa `l` iliyosimama peke yake, kwani kwenye fonti fulani hufanana na 1. Majaribio yote yanapita. Riba inayotoka ni ileile ya mwanzo, hadi senti.