Zidisha kwa 48: Hurricane ya Diredawa kwenye meza ya Homa Bay

Tarehe 15 Machi 1941, majeshi yaliyoanzia Kenya yakiwa yamewafukuza Waitaliano Somalia na kuingia Ethiopia, rubani Jack Frost wa Kikosi cha 3 cha jeshi la wanahewa la Afrika Kusini alitunguliwa Diredawa. Mwenzake Bob Kershaw alitua karibu naye, akampakata ndani ya ndege ya kiti kimoja, wakaruka. Frost aliendesha kwa usukani na pedali; Kershaw, aliyekuwa chini yake, alishughulikia magurudumu na vibawa vya kushukia.

Ndege hiyo ilikuwa Hawker Hurricane, kazi ya mbunifu Sydney Camm, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1935. Modeli niliyoijenga Homa Bay ni ya skeli ya 1:48, kutoka seti ya vipande vya plastiki. Upana wa mabawa, mita 12.19, unakuwa sentimita 25.4. Hesabu rahisi inaishia hapo. Kiwanda hupunguza umbo, lakini unene wa plastiki, waya na chembe za vumbi havipungui kwa hiari yake. Ndiyo maana kila kilichoingia kwenye modeli hii kilipimwa kwanza, unene wake ukazidishwa kwa 48.

Tuanze na chumba cha rubani, maana kisa chenyewe kilitokea humo. Hurricane haikuwa na sakafu: chini ya viatu vya rubani kulikuwa na mabomba ya chuma ya fremu na giza. Sakafu bapa ya seti ilikatwa, mabomba yakaundwa kwa plastiki iliyopashwa moto juu ya mshumaa na kuvutwa ikawa nyembamba. Nguvu nyingi ziliwekwa upande wa kulia, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na wenzo wa magurudumu na vibawa ambao Kershaw alilazimika kuufikia huku amepakata mtu.

Nyuma ya chumba hicho, kiunzi cha Hurricane kilifunikwa kwa kitambaa kilichovutwa juu ya fito za mbao na kupakwa dawa ya kukikaza. Watengenezaji wa seti hupenda kuzichora fito hizo kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Zilipunguzwa kwa msasa laini na maji, mpaka zionekane tu mwanga unapopita kwa mshazari. Wachonga mawe wa Tabaka, ng'ambo ya mpaka wa Migori na Kisii, hung'arisha kazi zao vivyo hivyo: maji huondoa unga, na msasa hauachi mikwaruzo. Unga wa jiwe lao nao ulipata kazi. Ukichujwa kwa kitambaa chepesi na kuchanganywa na supagluu, unaziba nyufa za maungio ya mabawa vizuri sana. Sharti ni kuusugua mapema, kwa maana ukiachwa siku nzima huwa mgumu kuliko plastiki yenyewe, na msasa utakula pembeni. Barakoa nayo ni lazima.

Mistari ya mabati ilihitaji nidhamu. Mfuo wa milimita 0.2 kwenye bawa ni ufa wa karibu sentimita moja kwenye ndege halisi. Ulijazwa rangi ya kijivu badala ya nyeusi, ili jicho lisiuone kama ufa. Kwa waya wa antena, uzi wa kuvulia samaki ulikataliwa kwa sababu hiyohiyo ya unene. Unywele mmoja wa bandia, wa kusukia, ulitosha.

Kupaka rangi kando ya ziwa kuna masharti yake. Jioni taa huvuta wadudu wa ziwani kwa maelfu, na rangi mbichi huwanasa. Asubuhi yenye unyevu hufanya rangi ya thina ikauke na ukungu mweupe. Saa zinazofaa ni za adhuhuri, na kila tabaka hufunikwa kwa beseni mara tu linapopakwa, upepo usije na vumbi.

Kisha dakika ya kisa iliyochaguliwa kuonyeshwa iliamua alama. Kabla ya kuruka, matundu ya bunduki nane za Hurricane yalibandikwa vitambaa vyekundu kuzuia uchafu na unyevu. Risasi ya kwanza ilivirarua. Ndege hii imetoka kushambulia uwanja wa ndege, kwa hiyo vitambaa vimechanika na masizi yamerudi nyuma chini ya mabawa. Kuviacha vizima kungekuwa kosa la historia, hata kama vinapendeza.

Vumbi lilitoka kwenye barabara ya murram nje ya mji wa Migori. Chembe ya milimita 0.1 ingekuwa kokoto ya karibu milimita 5 kwenye ndege halisi, hivyo udongo ulisagwa, ukachujwa, ukachujwa tena. Wekundu wake ulikuwa mkali mno kwa nchi kavu ya Diredawa. Unga wa Tabaka uliupoza.

Kioo cha kufunika chumba cha rubani ndicho kilichokuwa kipimo cha mwisho. Kile cha seti, chenye unene wa milimita moja, kingekuwa ukuta wa karibu sentimita tano. Badala yake kilichongwa kinyago cha jiwe la Tabaka chenye umbo la kioo hicho, kikaingizwa ndani ya chupa ya soda, na chupa ikapashwa moto hadi ikajikunja na kukishika. Mbao ingeweza kuungua; jiwe hilo linastahimili. Plastiki ya chupa bado ni nene kuliko inavyotakiwa, lakini inasogezwa nyuma na kuacha chumba wazi. Anayechungulia anaona kiti kimoja chembamba, wenzo wa kulia na nafasi iliyobaki, kisha anaweza kujipimia mwenyewe jinsi watu wawili wazima walivyojibana humo.