Kopo la Bei Mbaya

Makopo mawili ya nyanya nzima yamesimama bega kwa bega kwenye rafu ya supamaketi. Yote ni ya gramu 400, yote yametoka Italia, yote yamechorwa nyanya ndefu nyekundu na jani la mrehani. Moja linauzwa mara mbili au tatu ya bei ya mwenzake. Mnunuzi analishika, analigeuza, anasoma maneno mawili matatu, halafu anaamua kwa macho: lenye karatasi ya rangi ya dhahabu ndilo tamu. Wengi hapo wameshalipia karatasi.

Jina linalobeba bei kubwa katika biashara hii ni San Marzano. Ni nyanya ndefu, iliyochongoka kitakoni, yenye asili yake karibu na mji wa San Marzano sul Sarno, si mbali na Naples, ambako udongo umechanganyika na majivu ya volkano ya Vesuvius. Ukiikata kwa upana, kwa kawaida utaona vyumba viwili tu vya mbegu, nyama nene na maji kidogo. Nyanya ya mviringo ya kachumbari ina vyumba vingi na maji tele, ndiyo maana mchuzi wake hukaa jikoni muda mrefu kabla haujashikana.

Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya uliilinda nyanya hii kwa hadhi ya DOP, yaani jina la asili linalolindwa kisheria. Tangu hapo kopo halali lazima liwe na nyanya zilizolimwa katika eneo la Agro Sarnese-Nocerino, lililogawanyika katika majimbo ya Salerno, Napoli na Avellino, kutokana na mbegu zilizoidhinishwa. Jina kamili kwenye lebo ni refu kama jina la sultani: Pomodoro San Marzano dell'Agro Sarnese-Nocerino. Pembeni yake kuna muhuri mwekundu na njano wa DOP, nembo ya ushirika wa wazalishaji na namba ya kopo. Kikikosekana kimoja, hiyo ni nyanya ndefu tu yenye jina la kuazima. Tena, nyanya za DOP hufungwa zikiwa nzima zimemenywa, au zimepasuliwa vipande virefu. Kopo la "San Marzano" iliyokwisha kusagwa ni la kutilia shaka.

Na shaka hiyo si ya bure. Novemba 2010 askari wa Carabinieri wa Italia walikamata tani 1,470 za nyanya za makopo zenye lebo za udanganyifu, mzigo wa thamani ya euro milioni 1.2. Marekani nako nyanya iliyolimwa huko huko inaweza kuuzwa kwa jina la San Marzano, kwa hoja kwamba ni jina la mbegu. Nyanya yenyewe inaweza kuwa nzuri sana. Lakini anayeilipia bei ya Vesuvius amenunua hadithi.

Bei yenyewe inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, mikononi. San Marzano ni mmea mrefu unaoegemezwa kwenye miti, na matunda yake hayaivi kwa pamoja. Wachumaji hupita shamba lile lile mara kadhaa kati ya Julai na Septemba. Nyanya nyingi za kiwandani zina historia nyingine kabisa. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, mtaalamu wa mimea Jack Hanna alizalisha nyanya ngumu inayoiva kwa mkupuo, VF-145, huku mhandisi Coby Lorenzen akitengeneza mashine ya kuivuna. Miaka ya 1960 mashine hiyo ilienea California, na nyanya ya kopo ikawa rahisi. Nyanya iliyozaliwa ili ivumilie chuma haikuzaliwa kwanza kwa ajili ya ulimi. Mkulima wa Tanzania analijua jambo hili bila kufika California: Tanya na Tengeru 97, mbegu zilizotoka kituo cha Tengeru mkoani Arusha, zinapendwa kwa sababu ganda lake gumu linastahimili tenga na barabara mbovu.

Turudi kwenye lebo, safari hii upande wa nyuma. Orodha nzuri ya viungo ni fupi: nyanya, juisi ya nyanya, pengine chumvi na mrehani. Asidi ya sitriki isimtishe mtu. Kazi yake ni kuongeza uchachu ili chakula kisiharibike. Kiungo cha kuangaliwa ni kloridi ya kalisi. Huwekwa ili nyanya isivurugike, na inafanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi: vipande vinaweza kuchemka nusu saa na bado vikabaki na kona zake, vikielea kwenye mchuzi mwembamba. Nyanya za kopo zilizokatwakatwa huwa nayo karibu kila mara. Kwa hiyo anayetaka mchuzi laini anunue nyanya nzima, azivunje mwenyewe kwa mkono.

Kisha atazame uzito wa nyanya zikichujwa. Kopo la gramu 400 mara nyingi lina gramu 240 hivi za nyanya, nyingine ni juisi. Kopo rahisi lenye nyanya chache linaweza kuwa ghali kuliko linavyoonekana.

Kipimo cha kweli ni bakuli. Mimina kopo zima, usikoroge. Nyanya nzuri hutoka zikiwa na umbo lake, nyekundu kuanzia kitako hadi kwenye kikonyo, bila mabega ya njano au kijani na bila vipande vya ganda vilivyonata kama karatasi. Bonyeza moja kwa kidole: inapaswa kukubali taratibu kisha ipasuke, isirudi kama mpira wala isiyeyuke kama uji. Onja juisi kwanza, kwa kijiko, ikiwa baridi. Juisi mbovu ina ladha ya bati au ya kitu kilichoungua. Juisi nzuri huanza na utamu, uchachu ukafuata nyuma. Kama nyanya zimelala kwenye rojo nzito badala ya juisi, jua kwamba rojo hiyo imeshapikwa kabla ya kuingia kopo, na ladha ya ubichi imepungua.

Anayetaka kuondoa ubishi apike mchuzi wa Marcella Hazan, mwandishi wa mapishi aliyewafundisha Wamarekani jiko la Italia: nyanya, siagi, kitunguu kilichokatwa vipande viwili na chumvi, moto mdogo kwa dakika 45. Hakuna kitunguu saumu wala binzari ya kuficha aibu. Apike sufuria mbili, kila moja kwa kopo lake, awape watu waonje bila kuwaambia ipi ni ipi. Hapa nyanya nzuri hujitetea yenyewe. Ila kopo la bei ya kati lenye viungo vichache linaweza kabisa kulishinda la dhahabu, na ndiyo sababu ya kuficha makopo.

Kwenye mapishi ya pwani hesabu inageuka. Kitunguu kimekaangwa hadi kahawia, tangawizi na saumu vimeingia, nyanya inakaangwa mpaka mafuta yaelee, kisha tui au ukwaju unafuata. Utamu mwororo wa San Marzano humezwa kabla samaki hajatiwa. Kulimwaga kopo la DOP kwenye rosti ya namna hiyo ni kuvaa kanzu ya Idi kwenda shambani.

Mkaazi wa Dar akisema nyanya ya kopo, au wa Unguja akisema tungule ya kopo, mara nyingi anamaanisha ile rojo nzito ya kijiko kimoja, ambayo ni bidhaa tofauti. Italia, rojo iliyokolezwa mara mbili lazima iwe na angalau asilimia 28 ya nyanya kavu, wakati nyanya mbichi ina kama asilimia 5. Kilo moja ya rojo imemeza kilo tano au sita za nyanya. Kazi yake ni rangi na uzito; asilimia hiyo ina maana zaidi kuliko jina la mji.

Kuna jambo moja ambalo muhuri wa DOP hausemi: mchumaji alilipwa kiasi gani. Agosti 2018 vibarua 16 wahamiaji, wengi wao Waafrika, walikufa katika ajali mbili za barabarani karibu na Foggia, eneo kubwa la nyanya kusini mwa Italia, wakitoka mashambani. Italia ilikuwa imeshaimarisha sheria dhidi ya madalali wa vibarua mwaka 2016. Nyanya ya bei ya kutupa ina mtu aliyefidia tofauti ya bei.

Basi kopo halali la San Marzano linunuliwe kwa siku ya pizza au tambi, pale nyanya inapokuwa ndiyo chakula chenyewe. Siku nyingine, kopo la kawaida la nyanya nzima lisilo na kloridi ya kalisi linatosha. Na msimu ukipamba moto, nyanya za Ilula zikijaa kando ya barabara ya Iringa kwa ndoo, makopo yote mawili yabaki kabatini.