Kuipima Pimamaji

Mwashi anayeijua kazi yake haiamini pimamaji kwa sababu tu ni mpya. Huilaza juu ya tofali, akatazama kiputo cha hewa kimesimama wapi, kisha huigeuza, kulia kukawa kushoto, akailaza palepale. Kiputo kikikaa katikati mara zote mbili, ukuta uko sawa na chombo ni cha kweli. Kikikimbilia upande mara ya pili, kosa limo ndani ya chombo.

Ninausifu ufundi wa falsafa ya maarifa kwa sababu unafanya jambo hilohilo. Sote tunaipima dunia; wanafalsafa waliigeuza akili inayopima.

Mwaka 1641, René Descartes aliandika juu ya kipande cha nta kilichotoka mzingani punde: kingali kinanukia maua, kina utamu wa asali, ukikigonga kinalia. Kisogeze motoni. Harufu inatoweka, umbo linalegea, mlio unakufa. Hata hivyo hakuna anayekana kuwa nta ni ileile. Basi tumeitambuaje? Si kwa pua wala kwa sikio, alijibu, bali kwa akili. Na kila ninachokijua juu ya nta kinanithibitishia zaidi kwamba mimi ninayejua nipo.

David Hume akakigeuza chombo tena. Mwaka 1739 alieleza kwamba kila alipoingia ndani yake kujitafuta, alikuta joto au baridi, upendo au chuki, uchungu au raha. Huyo “mimi” mwenyewe hakumkuta.

Ndipo akaja Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa 1781 na kukirekebisha 1787. Harufu, mlio na umbo, alisema, haviwi ujuzi mpaka viweze kuwa vya mmoja anayeweza kusema “nafikiri” juu ya vyote. Lakini kujitambua hivyo bado si kujijua. “Mimi” huyo hapatikani kando ya kazi yake. Yumo katika kuunganisha.

Hapo ndipo ninapomrudia mwashi. Pimamaji iliyoshikwa hewani haimwambii kitu, wala juu ya ukuta wala juu yake yenyewe. Lazima iguse tofali, na lazima igeuzwe. Kwa hiyo ninapotaka kusema “najua”, naukumbuka mkono ule wenye vumbi la saruji, ukisita kidogo kabla ya tofali linalofuata.