Chai ya Ukwaju, Ikiwa Baridi

Ukwaju wa chai ya baridi hauchemshwi. Najua majiko mengi ya pwani yanauchemsha, na juisi inayotoka huko inanyweka vizuri. Lakini kwa akina mama wa Kilwa Masoko wanaoiheshimu kazi hii utakuta donge limelala ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, na mwenyewe yuko uani anapembua mchele wala hana haraka. Moto mkali huufukuza ule mnukio wa tunda, ukabaki uchachu mtupu. Uvuguvugu huulainisha ukwaju bila kuunyang'anya kitu. Nusu saa inatosha. Saa nzima ni bora zaidi.

Na kazi yenyewe ilianza miezi mingi nyuma. Ukwaju huiva katika miezi mikavu ya katikati ya mwaka, kusi inapovuma na hakuna anayelilia kinywaji cha baridi. Ndipo maganda yanapovunjwa, nyuzi zinang'olewa, nyama inabanwa madonge na kutiwa chumvi kidogo ili ikae. Joto lenyewe linakuja baadaye, Desemba hadi Machi, kaskazi ikiwa imeshika na shati limeganda mgongoni tangu asubuhi. Kufikia hapo donge limeshatoka kwenye ukahawia na kuwa jeusi, na ukali wake umetulia. Anayejua kununua hulibonyeza kabla ya kuuliza bei. Likigoma kabisa, limekauka kupita kiasi. Likiteleza, limeongezwa maji. Linalofaa hukubali kidole, kisha hunata.

Ninachokipenda kuliko vyote ni ule muda mkono unapoingia bakulini. Vidole vinazitafuta kokwa, vinazisugua moja moja kwenye kiganja mpaka zitoke zikiwa tupu na kung'aa. Blenda ingeimaliza shughuli hii kwa dakika moja, lakini ingezipasua kokwa na kuzikatakata nyuzi zilizobaki, na vyote viwili huacha ladha ya mti ndani ya kinywaji. Mkono unajua pa kuishia. Maji ya kwanza hupitishwa kwenye chujio, kisha kwenye kitambaa cheupe kilicholowanishwa, yakatoka mazito. Makapi yanatiwa maji mengine kidogo na kukamuliwa tena, kama tui la kwanza na la pili. Fundi hayachanganyi mapema. La kwanza ndilo litakalokutana na chai, la pili ni la kurekebishia. Kwa lita moja ya chai, gramu 150 za ukwaju zinatosha, na maji ya kuuloweka yasizidi nusu lita.

Uchachu una makazi ya zamani katika pwani hii. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipopita Mogadishu akiwa njiani aliandaliwa wali pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe, akaona jinsi watu walivyokula tonge la wali kisha wakafuatisha kitu kichachu. Chai ndiyo mgeni. Mbegu zake zilipandwa mara ya kwanza nchini huko Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya ishirini, na kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1926. Mwaka 1904, huko St. Louis, Marekani, maonyesho makubwa ya dunia yaliitangaza sana chai ya barafu, ingawa Wamarekani walikuwa wameanza kuinywa kabla ya hapo.

Majani yetu ya Mufindi, Njombe na Rungwe yanataka uangalifu wake. Mengi husagwa kuwa punje ndogo kwa ajili ya chai ya maziwa, hivyo hutoa rangi upesi, na yakiachwa sana ukakasi unashika ulimi. Vijiko vinne vya chai kwa lita moja, maji yakiwa yametoka tu kuchemka, dakika nne, kisha majani yatoke. Iliki mbili zilizopondwa ziingie hapo, na sukari pia, kwa kuwa ikingoja baridi itazama chini na kukaa palepale. Maji nayo ni nusu ya jambo. Kisima kilicho karibu na bahari huwa na chumvichumvi, na hakuna jani litakaloificha. Waliokinga maji ya mvua ya paa wana bahati.

Hapa ndipo subira inapojaribiwa tena. Chai ikitoka motoni na kuingizwa kwenye friji, hufanya wingu. Kafeini na vile vinavyoleta ukakasi hushikana kadiri joto linavyoshuka, na chai iliyokuwa angavu inakuwa na ukungu. Si sumu, ila inasikitisha kuiona. Chai nzuri huachwa mezani, imefunikwa, ipoe kwa wakati wake. Wazee waliipozea kando ya mtungi, ambao hupoza maji kwa kuvuja kidogokidogo na kukaushwa na upepo; ila mtungi huo hufanya kazi vizuri zaidi wakati wa kusi kuliko kaskazi, maana hewa iliyoshiba unyevu haikaushi kitu upesi.

Chai ikipoa na ukwaju ukipoa, vikombe vitatu vya chai hukutanishwa na kimoja cha ukwaju. Tazama rangi. Tindikali ya ukwaju huupausha wekundu wa kahawia na kuufanya dhahabu palepale, ndani ya jagi, mbele ya macho yako. Sijawahi kulichoka tukio hilo. Chumvi, ncha ya kijiko tu, hupunguza uchungu. Maziwa yasikaribie, yatakatika.

Barafu ya maji huanza kuiharibu kazi yote mara tu inapoyeyuka. Kwa hiyo wenye akili hugandisha lile tui la pili la ukwaju kwenye vikombe vidogo, na maji yake yawe yamechemshwa tangu mwanzo. Likiyeyuka ndani ya glasi, uchachu unaongezeka badala ya kupungua, na glasi ya mwisho ya futari inakuwa kali kuliko ya kwanza. Embe huwezi kulifanyia hivi, kwa kuwa ni zito na tamu, linahitaji ndimu ili lisiifunike chai. Mabungo yanafaa, ila nyama yake imeng'ang'ania kokwa kwa nyuzi, na kuikamua kunataka mkono mvumilivu kuliko huu.

Mchanganyiko hukaa siku mbili kwenye friji. Siku ya tatu chai imeshapoteza harufu. Ukwaju uliobaki bila kuchanganywa ndio wa kutunzwa, kwa kuwa jioni kuna changu wa kuungwa.