Plagi ya Silinda ya Nne

Kwenye magari mengi madogo, kubadili plagi ni kazi ya kunywea chai. Boneti juu, koili nne zimejipanga mbele ya macho, soketi inateremka wima, na kikombe hakijapoa kazi imekwisha. Subaru Impreza WRX STI haimpi fundi raha hiyo. Injini yake ya EJ imelala: silinda mbili zinatazama kulia, mbili kushoto. Subaru wameshikilia mpangilio huu tangu gari lao la Subaru 1000 la mwaka 1966, na una faida yake, kwani uzito unakaa chini na gari linatulia kwenye kona. Anayelipia faida hiyo ni fundi. Plagi zimeelekea ubavuni, na mbele ya kila tundu kuna chuma cha bodi kinachobakiza nafasi ya kiganja, pengine pungufu.

Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, Kenya nzima ilimshangilia dereva. Mimi huvutiwa zaidi na mtu aliyeinama chini ya boneti, shavu karibu ligusane na ukuta wa injini, macho yakitazama kwingine kabisa kwa sababu hapo hayana kazi.

Kwanza husubiri injini ipoe. Hedi ni ya aluminiamu na ganda la plagi ni la chuma. Ukilazimisha ikiwa ya moto, nyuzi laini za hedi zinaweza kutoka pamoja na plagi. Upande wa kulia, kwenye silinda ya kwanza na ya tatu, ataondoa boksi la ea klina. Kushoto ataondoa betri na tangi la maji ya waipa ili aifikie ya pili na ya nne. Hiyo ya nne iko nyuma, na ndiyo inayompima mtu. Wapo wanaolegeza maunti za injini na kuinyanyua kidogo kwa jeki. Si kosa, ila fundi wa mkono mwepesi mara nyingi hana haja nayo.

Akishachomoa koili, hupuliza hewa tunduni kabla ya kugusa kitu kingine, maana chembe ya mchanga iliyokaa pembeni mwa plagi itadondoka ndani ya silinda plagi ikitoka. Sasa ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Soketi ya milimita 16 yenye mpira ndani, ikiungwa na ekstensheni na racheti, ni ndefu mno kuingia. Basi huiunga humo humo shimoni: soketi peke yake kwanza, inasukumwa kwa kidole hadi ikae, kisha ekstensheni fupi, mpaka isikike ikibana, mwisho racheti. Racheti nayo inapata meno mawili matatu tu kabla mpini haujagonga chuma. Anarudisha, anavuta tena. Kutoa nako ni hivyo hivyo kinyumenyume, kipande kwa kipande, na mwanafunzi mwenye haraka huiacha soketi shimoni.

Plagi za zamani hazitupwi papo hapo. Huzipanga juu ya kitambaa kwa namba za silinda, kisha huzisoma. Rangi ya kahawia iliyofifia ni afya. Masizi meusi makavu yanasema petroli ni nyingi kuliko hewa. Mafuta kwenye shingo ya nje yanaelekeza kwenye sili za kava ya vavu, si kwenye pistoni, na hapo mwenye gari huokoa fedha nyingi. Vijidoa ving'aavyo vya aluminiamu kwenye kauri nyeupe ni habari mbaya: injini inagonga, na pistoni imeanza kuliwa. Kwa gari la turbo lililoongezwa nguvu mtaani, usomaji huu peke yake unastahili malipo.

Plagi mpya hupimwa mwanya, kwa kawaida milimita 0.7 hadi 0.8. Ukizidi, shinikizo la turbo huizima cheche gari linapokanyagwa. Ncha ya iridiamu ni nyembamba, haivumilii kupanuliwa kwa bisibisi. Wengine hupaka nyuzi grisi. NGK wenyewe hawaishauri, kwa sababu plagi zao zimekwisha kupakwa kinga, na utelezi huo humfanya mtu akaze kupita kiasi.

Kisha plagi huchomekwa kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuzungushwa kwa vidole viwili. Ikikaa mshazari, mpira huteleza wenyewe kabla nyuzi hazijaharibika. Hakuna kifaa cha bei ghali kinachoishinda hila hiyo. Ikishafika mwisho, hukazwa kwa toki renchi hadi takriban Nm 21. Pasipo nafasi ya renchi hiyo, nusu mzunguko au zaidi kidogo hutosha kubana washa mpya.

Ukiwa na gari la aina hii, mpelekee fundi likiwa limepoa, mwachie nusu siku, na usimpe bei ya plagi za Vitz.